Tangi Lililokonda

Nianze na ukweli, maana nikiuacha mwishoni nitapata muda wa kuupaka rangi: semi ya yule mama wa pamba, lori lake la tela, niliizima mimi. Siyo barabara, siyo dizeli chafu, siyo dereva. Mimi, fundi mwenye cheti, tena cheti chenyewe nilikuwa nimekipigilia ukutani mwa gereji kwa misumari minne ili upepo wa ziwani usikichukue. Mteja akija akakaa akikipa mgongo, namsogezea kiti kingine, namwambia kile kina kunguni.

Cheti hicho nilikipata nikiwa kwenye kampuni ya umma ya usafirishaji. Ilipokuja miaka ya soko huria kampuni ikapunguza watu, kisha ikapunguza magari, mwisho ikabaki geti na mlinzi. Nilitoka pale na boksi la spana na kiburi chote nilichokuwa nacho, nikafungua gereji kando ya barabara ya Nyegezi, chini ya mawe. Siku zile kila mtu Mwanza alikuwa mfanyabiashara. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameruhusiwa, viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya maji, minofu inapanda ndege na sisi tunakula mapanki, ile mifupa iliyobaki, huku tunasifu maendeleo. Magari yaliyochoka kwa wenzetu yalikuja kuanza maisha upya kwetu, na sisi mafundi tuliopunguzwa ndio tukawa waganga wake. Mimi waliniita Daktari. Nilikataa mara moja, kwa adabu, halafu nikazoea.

Mwenye semi alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuingia kwenye pamba. Alituendesha wote kama darasa la tatu. Ukitoa sababu ndefu anakwambia anza tena, sema kwa kifupi. Dereva wake alikuwa mzee wa Kisukuma, mrefu, aliyeendesha malori ya ushirika tangu mimi nikiwa nachunga mbuzi. Akipanda gari alivua viatu akavipanga kando, akaendesha peku. Alisema mguu uliovaa kiatu hausikii injini. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, na ufunguo wa kanisa lao alikaa nao yeye. Hili la ufunguo nalitaja mapema kwa sababu lilikuja kunitoa jasho.

Kazi ya semi ilikuwa kufuata pamba vijiji vya kando ya ziwa. Mwanza hadi Bunda ni lami, yenye viraka lakini lami. Ukifika Bunda unakata kushoto kwenda ziwani, na barabara ile wakati huo ilikuwa na mawimbi kuliko ziwa lenyewe. Gari linatetemeka mpaka meno yanauma. Dizeli nayo ilikuwa inarukaruka ndani ya tangi na kutokea shingoni, maana mpira wa kifuniko ulikuwa umekwisha. Mzee aliomba kifuniko kipya. Mtu mwingine angemtafutia kifuniko kipya. Mimi nikasema, cha nini? Nikachukua tyubu kuukuu ya trekta, nikakata duara mbili nene, nikazigandisha kwa gundi, nikazipachika ndani ya kifuniko mpaka kukifunga unahitaji mikono miwili na kukunja uso.

Katikati ya kifuniko kile kulikuwa na kitundu kidogo, kama cha sindano. Sitaki kusema sikukiona. Nilikiona, nikajiambia, aa, kumbe hata hapa inavujia, nikakiziba pia. Safari iliyofuata halikutoka hata tone. Nilijisifu pale gereji siku nzima, na chai walininunulia.

Safari ya pili baada ya hapo ikapigwa simu ofisini kwa Mama: semi imezima Bunda. Imetoka kule ziwani na mzigo wake salama salimini, imepanda lami, imekwenda kidogo, ikakohoa, ikanyamaza. Nikapanda basi na boksi langu. Nilimkuta Mzee amekaa chini ya tela, viatu mkononi. Nikamwamkia, shikamoo Mzee, akaitika marahaba, akanieleza. Nikavaa koti langu la bluu polepole, maana wauza mahindi walikuwa wamekusanyika, na mganga hakurupuki mbele ya watu.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Nilianza na tangi siku zote: nafungua kifuniko, nazamisha kijiti kuona dizeli imefika wapi, kifuniko nakiweka juu ya bampa, ndipo naenda kwenye mengine. Siku ile nikabadilisha filta nikamwonyesha Mzee uchafu uliokuwemo, nikamwambia barabara mbaya inakoroga matope ya chini ya tangi. Nikatoa upepo kwenye mabomba. Akapiga stata, ikawaka. Wauza mahindi wakapiga makofi. Nikarudi Mwanza mbele, kwenye kiti, nimekula mahindi ya bure.

Ikazima tena wiki ileile, palepale, baada ya njia ileile. Nikaenda. Kijiti, kisha waya za betri, nikazisugua na kuzikaza, ikawaka. Ikazima mara ya tatu. Kijiti, kisha waya unaopeleka umeme kwenye pampu, nikaufunga upya kwa utepe, ikawaka. Kila safari nilikuwa na ugonjwa mpya na dawa mpya, na kila dawa ilifanya kazi. Ungekuwa wewe ungejitilia shaka? Mimi sikujitilia. Nilianza kuamini nina mkono.

Katika safari hiyo ya tatu Mzee aliniita upande wa tangi kabla sijaanza.

"Fundi, tangi hili limekonda," akasema.

Nikamuuliza limekonda vipi. Akapitisha kiganja ubavuni mwa tangi, akasema hapa pameingia ndani, kama shavu la mtu anayenyonya muwa. Nikatazama. Kweli palikuwa pamebonyea kidogo. Nikamwambia Mzee, hilo ni bati la zamani, limegongwa huko lilikotoka. Nilipofungua kifuniko tangi likalia ndo! na mimi, fundi mwenye cheti, nikamweleza kwamba ni jua, bati likipata joto linatanuka. Mungu anisamehe, nilimweleza kwa sauti ya kumwonea huruma.

Niliporudi mjini sikuweza kulala na utamu huo tumboni. Kulikuwa na mama wa chai karibu na gereji yetu, ambako mafundi na madereva wote walikunywa. Nikasimulia pale: jamani, yupo dereva anataka tangi lake lipewe ugali, limekonda. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kuanzia siku hiyo Mzee akipita wanamuuliza, vipi, tangi limekula?

Hilo lilikuwa kosa la mdomo. Lililofuata lilikuwa kosa la roho. Gari lilipozima mara ya nne Mama alinikalisha ofisini akaniuliza kwa nini linapona mkononi mwangu na kufa mkononi mwa dereva. Swali zuri kabisa, la mwalimu. Jibu la kweli lilikuwa sijui. Lakini Daktari hawezi kusema sijui. Nikakumbuka kwamba mara mbili kijiti kilionyesha dizeli pungufu. Sikukumbuka kwamba mara zote mbili gari lilikuwa limeegemea mtaroni, dizeli yote imelala upande wa pili. Nikasema labda dizeli inauzwa njiani, labda tangi linapokaribia kukauka linavuta upepo. Nikasema labda. Mama hakuisikia hiyo labda, na mimi sikuirudia.

Likawekwa kufuli kwenye kifuniko cha tangi. Wazo langu. Dizeli itajazwa Mwanza tu, mbele ya Mama, na ufunguo utakaa kwa mtu mwaminifu. Mtu mwaminifu, yaani mimi, akafunga ufunguo kwenye uzi, akauvaa shingoni, na kwa mama wa chai alipoulizwa ni wa nini akawapa ileile labda ya wizi.

Asubuhi ya kwanza ya kufuli nilimkuta Mzee anapanga viatu vyake. Nikasema shikamoo. Akalitazama kufuli lile, akanitazama shingoni, akapanda gari. Hakuitika. Wasiotoka kwetu huenda wasione uzito wake. Shikamoo ikikosa kuitikiwa unabaki nayo mdomoni, huwezi kuimeza wala kuitema. Niliendelea kumwamkia kila siku kwa ukaidi, naye kila siku alinyamaza, na mimi nikawaambia watu mzee yule ana majivuno.

Kufuli halikusaidia kitu. Semi ikazima tena Bunda, ikazima tena, na sasa ilikuwa mbaya zaidi, inakaa nusu siku haishtuki mpaka nifike. Mama akahitimisha: dereva alipoweza kuiba aliiba, sasa kwa kuwa hawezi kuiba anamkomoa yeye Mama. Akampa safari ya mwisho. Nikae naye garini kwenda na kurudi, na ikizima bila ugonjwa wa kuonekana aache ufunguo wa gari mezani. Nilikubali kuwa shahidi. Nilijiona mtu wa haki.

Tuliondoka, mimi kwenye kiti cha utingo. Tukapakia pamba, tukalala kule, asubuhi tukaianza ile barabara na mzigo. Gia ndogo, injini inalia, inakunywa dizeli kwa pupa, vumbi linaingia mpaka kwenye kope. Katikati ya njia Mzee akazungumza kwa mara ya kwanza, macho mbele. Aliniambia kanisani wamemwomba awape ufunguo kwa muda, mpaka maneno yapoe. Akasema amekaa na ufunguo ule tangu kanisa likiwa la nyasi. Hakunilaumu. Nilimjibu barabara hii ni mbaya sana.

Tukapanda lami. Tukaiacha Bunda nyuma kidogo, ikakohoa, ikazima.

Nikashuka na boksi langu, mkono tayari uko shingoni unatafuta ufunguo. Mzee alikuwa ameshuka upande wake, akaja akasimama kati yangu na tangi, peku juu ya lami ya moto.

"Tengeneza," akasema. "Lakini tangi usifungue."

Nikamwambia huwa naanza na tangi. Akasema ndiyo, ameona. Leo nianze na mengine, na nikimaliza yote nisipofaulu, atanipisha mwenyewe. Nikacheka. Ningekataaje? Ningekataa ingeonekana mkono wangu unategemea kijiti. Nikavua shati la heshima nikavaa koti.

Nilibadilisha filta. Nilisugua betri. Nilifungua waya nikaufunga. Nilitoa upepo mpaka vidole vikachubuka. Pampu ya mkono naibonyeza haivuti kitu, inarudi laini, kama kunyonya soda chupa ikiwa imekubana ulimi. Nilitibu magonjwa yote niliyowahi kuyatibu, na mengine mawili niliyoyabuni hapohapo. Mzee akipiga stata, inazunguka, haishiki. Wauza mahindi walikuja, wakangoja, wakaondoka mmoja mmoja. Jua lilifika utosini. Nilikuwa nimeloa jasho na grisi na nilianza kuogopa, hofu ya kweli, ile ya mtu anayesikia jambo linakuja na hajui linatokea wapi.

"Nimeshindwa, Mzee," nikasema.

Akasogea. Akaweka kiganja ubavuni mwa tangi, pale palipobonyea, na safari hii palikuwa pamezama hasa. Akaniambia niweke na wangu. Nikaweka. Kisha akasema fungua.

Nikafungua kufuli, nikashika kifuniko kwa mikono miwili, nikakunja uso. Tangi likavuta pumzi. Sijui niseme vipi. Lilivuta pumzi ndefu, shuuu, na bati likarudi chini ya viganja vyetu, ndo! Mzee hakungoja. Akapanda, akaniambia nibonyeze tena pampu ya mkono. Ilivuta. Stata moja, ikawaka.

Nilibaki nimesimama na kifuniko mkononi, nakiangalia. Duara zangu mbili za tyubu. Kitundu cha sindano nilichokiziba. Dizeli ikitoka tangini lazima hewa iingie mahali pake; hilo wanafundisha mwezi wa kwanza, na liko kwenye mtihani wa cheti kilekile. Kwenye barabara nzuri injini ilikuwa inakunywa taratibu na tangi linajiibia hewa kidogo kidogo. Kwenye barabara mbaya ilikuwa inakunywa haraka kuliko tangi linavyoweza kupumua. Nilikuwa nimelinyonga. Halafu kila mara nafika, naliachia koo bila kujua, na napigiwa makofi. Na nilipoleta kufuli nilimnyang'anya Mzee kitu pekee ambacho kingelifufua.

Nilitamani kukitupa kile kipande cha mpira porini. Nasema kweli, nilikibandua na mkono ukarudi nyuma. Mzee alikuwa ananitazama kwenye kioo. Nikakiweka mfukoni, tukaenda Mwanza, na gari halikukohoa tena.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Mbele ya Mama nikasema kulikuwa na hitilafu ndogo ya hewa, nimeiondoa. Kwa kifupi, kama apendavyo. Mama akafurahi. Akasema basi yaishe, akamgeukia Mzee akamwambia amemsamehe, ila asirudie. Mzee alisikiliza msamaha huo mpaka mwisho, viatu vyake miguuni, mikono nyuma.

"Mimi sijaomba msamaha, Mama," akasema. "Muulize fundi ana nini mfukoni."

Nikakitoa. Nikaeleza yote, kwa kirefu, na kwa mara ya kwanza Mama hakuniambia nianze tena. Alinyoosha mkono, nikavua uzi shingoni nikampa, naye akampa Mzee ufunguo, akamwomba radhi kama mtu mzima. Nikadhani tumemaliza. Nikaanza hata kupumua. Mzee akasema kwa Mama yamekwisha, lakini mimi sikumsemea kwa Mama peke yake.

"Uliponisemea ndipo ukanisafishie."

Kwa hiyo asubuhi nikaenda kwa mama wa chai. Nilisubiri mabenchi yajae, nikasimama, nikasema. Walicheka. Walicheka kuliko siku ya ugali. Mmoja akasema Daktari una moyo, umeamua kumkingia mzee wa watu kifua. Mwingine akasema haiwezekani, kifuniko kiue semi? Hapo ndipo nilipoona kazi niliyoifanya. Nilikuwa nimejijenga vizuri hivi kwamba uongo wangu uliaminiwa kwa neno moja, na ukweli wangu ukaonekana ukarimu.

Nikawaambia njooni basi.

Semi ilikuwa imeegeshwa mbele ya gereji. Nilijaza tangi mpaka shingoni ili hewa ya ndani iwe kidogo, nikarudisha kile kipande cha tyubu, nikaongeza na mfuko wa nailoni juu yake, nikafunga kwa mikono miwili, naye Mzee akatia kufuli. Nikawasha, nikakanyaga mafuta, nikashikilia hapo. Wakakaa juu ya mawe na vikombe vyao. Injini ikanguruma, moshi ukaenda kwa majirani, majirani wakaja kugomba wakabaki kuangalia. Ikapita muda mwingi. Ikawa inanguruma tu, nzuri, yenye afya, na watu wakaanza kunitazama kwa huruma, na mmoja akasema, unaona? Mzee alikuwa amesimama kando ya ukuta, karibu na dirisha ambapo cheti changu kinaonekana. Mimi kule juu nilikuwa naomba. Nimeombea injini nyingi maishani ziwake. Ile ndiyo peke yake niliyoiombea kwa machozi izime.

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Hakuna aliyecheka. Mafundi walishuka kwenye mawe wakaenda kwenye tangi, wakapapasa, mmoja baada ya mwingine, pale palipozama. Yule aliyemwaga chai siku ile alipapasa mara mbili. Kisha akamwendea Mzee, na wengine nao, wakamshika mkono. Sikusikia walichomwambia.

Nilishuka mimi wa mwisho. Nikaenda mpaka mbele yake, nikasema kama nilivyokuwa nikisema kila siku.

"Shikamoo Mzee."

Alikaa. Alivua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavishika pamoja mkononi. Akautoa ule ufunguo wa kufuli mfukoni akaniwekea kiganjani.

"Marahaba," akasema. "Haya, lifungue lipumue, nina safari."